Kadi ya Mimba ya Pili

Shemeji yangu ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka masokoni na kwenye maghala na mkoba wake wa mawe ya kupimia, na wauzaji wakimwona kwa mbali huanza kupangusa sahani za mizani zao. Mtaani wanamwita Gramu. Si mtu mbaya. Hanywi, hapigi, nyumbani anarudi mapema. Ila hajawahi kuambiwa jambo akaliamini mara ya kwanza. Ukimwambia mvua inanyesha, atachungulia dirishani. Sasa mtu wa namna hiyo mweke kwenye benchi la wodi ya wazazi siku mbili uone.

Dada yangu alishikwa na uchungu Jumatatu asubuhi. Tulipofika hospitali uchungu ukakoma, kana kwamba ulikuwa unatusindikiza tu. Mkunga akasema njia imefunguka sentimita tatu, atembee. Akatembea korido nzima, kwenda na kurudi, akiniegemea. Mchana tatu. Jioni nne. Jumanne kulipokucha bado nne, wakamtundikia dripu ya kuongeza uchungu.

"Sista," Gramu akauliza, "hizo sentimita mnapima na nini?"

"Na vidole, baba."

Akanigeukia taratibu. "Shemeji, umesikia? Vidole. Vya nani? Maana yule wa jana alikuwa mnene, na huyu ni mwembamba."

Nilicheka, nakiri. Siku ile sikucheka tena.

Saa mbili zamu ikabadilika. Akaja mkunga mwingine, binti mpole, akaliacha jalada la dada juu ya kaunta. Macho ya Gramu hayawezi kupita kwenye karatasi bila kuisoma. Kadi ya kliniki ilikuwa juu kabisa. Miezi yote kadi hiyo ilikaa kwangu, na kila alipoiulizia, dada alisema ameisahau kwa mdogo wake. Sasa aliisoma neno kwa neno. Mimba: ya pili. Zilizoharibika: moja. Alitokwa damu nyingi. Chini yake daktari ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba chupa mbili za damu ziwekwe tayari.

"Hii si kadi ya mke wangu," akasema. "Mmechanganya. Mke wangu hii ndiyo mimba yake ya kwanza."

"Jina ni lake, baba."

"Wenye jina hilo mjini ni wangapi? Mtakuja kumtibu ugonjwa wa mtu mwingine. Andikeni kadi nyingine, na mimi nasimama hapa hapa." Kisha akaniangalia. "Shemeji, si uwaambie?"

Miaka mitatu nyuma, Gramu akiwa safari ya ukaguzi, dada aliniita nyumbani kwake na nikamkuta sakafuni kando ya kitanda, shuka limelowa. Mimi ndiye niliyempakia kwenye gari la jirani. Aliponea kwenye tundu la sindano, na kitu cha kwanza alichoniambia alipopata sauti ni kwamba mumewe asijue. Nikaapa.

Na sasa yule binti, kwa kutaka amani, alikuwa anavuta fomu mpya. Damu hospitalini ilikuwa haba. Mwenye kadi safi hawekewi akiba. Zile chupa zingekwenda kwa mwingine kabla ya saa sita. Nikinyamaza, dada angeweza kufa. Nikisema, nimemuuza. Nikasukuma mlango nikaingia kwake.

Alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Mumeo ameiona kadi," nikamwambia. "Anataka ifutwe."

Alifumba macho mpaka uchungu ulipopita. "Mlete."

Wakamvisha Gramu gauni la kijani. Dada hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Usiwafutishe. Ni yangu. Ulikuwa kule safari ya wiki saba. Iliharibika wiki ya tano ya safari yako, ilikuwa na miezi mitatu. Nilikuwa nasubiri nihakikishe ndipo nikwambie."

"Na niliporudi?"

"Uliporudi ungeniuliza maswali."

Uchungu ukamkamata tena, na mkunga akatutoa nje.

Gramu akakaa kwenye benchi. Hakuniangalia. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya pingili za vidole vingine, kimoja baada ya kingine, kinafika mwisho, kinaanza upya. Nilijua anahesabu nini: wiki za safari yake na miezi ya ile mimba. Nilimchukia dakika zile, na sioni haya kusema.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, wa kike, akilia vizuri. Tukashikana mikono. Hatujaachiana, daktari akapita mbio, na pazia likavutwa. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka na damu haikatiki. Tulisimama pale nusu saa nzima bila mtu wa kutuambia lolote. Yule binti alipotoka, alisema chupa zote mbili zimeingia, na kwamba bila hizo wasingewahi kupata nyingine. Gramu akageukia ukutani. Mtoto alipowekwa kwenye mizani, hata hakuitazama.

Kesho yake tuliruhusiwa kumwona dada wodini. Alikuwa ameegemea mito miwili, midomo imempauka. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto. Gramu alimmiminia maji ya kunywa, akamrekebishia shuka, akasimama.

"Umeshahesabu?" dada akamuuliza.

"Nihesabu nini?"

"Unajua."

"Nilihesabu jana, kule koridoni," akasema. "Mara mbili."

"Ikatoka?"

"Ikatoka sawa. Nisamehe, mke wangu."

Dada akanyoosha mikono, nikampa mwanawe. "Na kama isingetoka," akasema, "ile damu ungewaacha waniwekee?"

"Ningewaacha."

Alijibu haraka, na mimi nadhani alisema kweli. Dada alimweka mtoto kwenye ziwa, akamfunika kichwa kwa ncha ya kanga, na mumewe akabaki amesimama kando ya kitanda, akingoja aaminiwe.