Chai Aliyopikiwa Mama

Sisi tuliokulia Mbozi zamani zile, wakati njia ya kwenda Kimondo ilikuwa bado udongo mwekundu unaonata kama ugali wa ulezi, tulikuwa na utalii wetu. Ila hatukujua kwamba unaitwa utalii. Sisi tuliuita wageni.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia hiyo. Watu walitoka mbali kuja kulitazama lile jiwe kubwa la chuma lililodondoka kutoka mbinguni, na mvua zikikolea, magari yao yalizama kwenye tope karibu na shamba letu la kahawa. Tulikuwa tunasikia injini ikilalamika, tunaacha mchezo wa rede katikati, tunakimbia kwenda kusukuma. Magurudumu yalitupaka tope mpaka kwenye kope. Gari likigoma kutoka na jua likianza kushuka, baba alikuwa anatokea na koti lake la kaunda, anawaamkia wale watu, kisha anawaambia, "Njooni ndani. Mtu halali njiani wakati nyumba ipo." Baada ya hapo alirudi kukaa kwenye kiti chake barazani, kama mtu aliyemaliza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya mama.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha wageni, na wenzangu wa rika langu mnajua maana yake. Chumba cha wageni hakikuwa cha mtu wa nyumbani hata aumwe. Sisi watoto tulilala kwenye godoro la maganda ya mahindi, ukijigeuza linapiga kelele. Kwenye chumba cha wageni kulikuwa na kitanda cha chuma, godoro la sponji, na shuka nyeupe ambazo mama alizipiga pasi ya mkaa mpaka zikawa na mikunjo mikali kama sare za polisi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta. Ukifungua dirisha unakutana na mibuni, na ile wiki ya maua yake meupe, harufu iliingia mpaka ndani ya mito.

Asubuhi ndiyo ilikuwa mateso. Sisi tulilima kahawa lakini tulikunywa chai ya rangi. Kahawa ilikuwa mali ya sokoni. Akija mgeni, mama alichukua kiasi kidogo, akaikaanga kwenye chungu, akaitwanga, na kijiji kizima kikajua kwa Mama Eliya kuna wageni. Halafu mayai. Alikaanga mayai kwa vitunguu, akapanga magimbi ya moto, viazi vitamu na maziwa yenye utando juu. Mimi na kaka yangu Eliya tulisimama nyuma ya ukuta wa jiko tukila harufu. "Macho ya njaa humfukuza mgeni," mama alikuwa akisema, na tulitawanyika kama vifaranga.

Watoto wa siku hizi nikiwasimulia wananicheka. Mpwa wangu akifika mahali pa kulala, kabla hajasalimia mtu anauliza neno la siri la intaneti. Chai ikiletwa anaipiga picha kwanza, anaigeuza sahani, anapanda juu ya kiti, anapiga tena. Akimaliza kuionyesha dunia nzima, mayai yameshapoa. Enzi zetu yai halikuwa na muda wa kupigwa picha.

Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa zimepamba moto, alikwama pale mama mmoja wa upande wa Zambia, yeye na mumewe. Walikuwa walimu wote wawili, wakazi wa pembeni mwa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Yule mama aliitwa Bana Mwape, yaani Mama Mwape kwa Kibemba. Alishuka garini viatu mkononi, tope hadi magotini, akampigia mama makofi ya taratibu na kumwambia, "Mwapoleni mukwai." Mama hakujua Kibemba, lakini salamu ya adabu haihitaji mkalimani. Naye alipiga magoti kidogo, akaitikia kwa Kinyiha. Wakaangaliana, wakacheka.

Wageni wengine siku zote walikaa sebuleni kungoja kuhudumiwa. Bana Mwape alimfuata mama jikoni, akavuta kigoda, akakaa kwenye moshi. Mvua ilinyesha na kesho yake, wakakaa siku ya pili. Waliongea Kiswahili chenye viraka: watoto, waume, mbegu za maharage, uchungu wa kuzaa. Njia ilipokauka na gari likasukumwa, Bana Mwape alimshika mama mikono yote miwili.

"Nimelala kwako, nimekula kwako, nimepumzika," alisema. "Sasa wewe lini utakuwa mgeni wangu?"

Mama alicheka kama mtu aliyeambiwa aje kwa ndege. Lakini neno lile lilimwingia. Miezi ile yote ya kupalilia tulimsikia akisema peke yake, "Bana Mwape anasema kwao kuna bustani mbele ya nyumba." Mavuno ya kahawa yalipokwisha, alimweleza baba. Mimi nilikuwa barazani nikichambua maharage, nikasikia kila kitu.

"Kuna msiba huko?" baba aliuliza.

"Hakuna."

"Kuna harusi?"

"Hakuna."

"Kuna mgonjwa?"

"Wote wazima."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kulala," mama alisema. " Na kuamka. Na kunywa chai niliyopikiwa."

Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mkali. Ila katika maisha yake, mtu alisafiri kwa sababu. Kulala na kuamka kulipatikana hapahapa. "Mama Eliya," alisema hatimaye, "wageni wakija nani atawapokea?" Kesi ikafungwa.

Mama hakubishana. Alirudi kwenye kazi zake, ila ile tabia yake ya kuimba nyimbo za kanisani wakati akisonga ugali ilikatika. Nyumba ikawa na ukimya ambao sisi watoto tuliuogopa kuliko fimbo.

Wakaja wageni wengine, vijana wa chuo waliokuja kupima lile jiwe. Mama aliwatandikia, akawapikia kama kawaida. Asubuhi baba aliingia jikoni kumwita atoke wamuage, akamkuta amekaa mbele ya jiko, macho mekundu.

"Ni moshi?" baba aliuliza.

"Sio moshi," mama alijibu. "Baba Eliya, kila aliyelala kwenye kile kitanda ameondoka hapa akisema amepumzika. Mimi nakitandika tangu umenioa. Sijui kupumzika kukoje."

Baba alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Kesho yake alivaa viatu akaenda mpaka Vwawa kuuliza lori la mahindi la kwenda Tunduma. Jioni aliniita. "Utakwenda na mama yako," aliniambia. "Uone vizuri, uje unieleze huko watu wanafanya nini."

Safari ile naikumbuka kuliko safari zote nilizofanya baadaye. Tulikaa mbele na dereva, mama akiwa na kitenge chake cha kwaya na viatu vyake kwenye mfuko ili visipate vumbi. Alivivaa tulipofika Tunduma. Tunduma ilinitisha. Malori yamepangana mpaka mwisho wa macho, wabadilisha fedha wakipita na mabunda mkononi, wanawake wakiuza samaki wakavu wa Rukwa na vitenge vya Zambia, lugha nne kwenye sentensi moja. Mama alinishika kifundo cha mkono mpaka tulipovuka. Bana Mwape, aliyekuwa amepelekewa salamu na madereva kwamba tunakuja, alikuwa anatungoja ng'ambo chini ya mwavuli mweusi, na alipotuona alianza kupiga makofi yake ya taratibu tangu mbali, hadi watu wakageuka kutazama nani mheshimiwa anakuja. Alikuwa mama yangu.

Walitupa chumba chenye mapazia ya maua. Mama aliinua shuka, akachungulia godoro, akaangalia ncha zilivyokunjwa, akaitikia kwa kichwa taratibu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Usiku ule hakukoroma. Nadhani hakulala sana.

Alfajiri tulisikia ufagio uani. Mama aliruka kitandani kama aliyechelewa zamu. Nilipotoka nilimkuta amekwisha kupata ufagio wa pili na amefagia nusu ya uwanja wa watu. Bana Mwape alimwendea, akautoa ule ufagio mkononi mwake kwa upole, akauegemeza ukutani.

"Kwangu wewe ni mgeni," alisema. "Kaa."

Mama akakaa kwenye kiti cha veranda. Sijapata kuona mtu akihangaika na mikono yake namna ile. Aliiweka mapajani, akaikunja, akashika ukingo wa kiti, akanyoosha kitenge kisichokuwa na mkunjo. Mbele yetu kulikuwa na ile bustani iliyosemwa, maua mekundu na ya njano, na ndege wadogo ndani yake. Chai ikaletwa kwenye sinia. Kulikuwa na uji wa mchele wenye siagi ya karanga, vitumbua vya moto, na mbele ya kila mtu yai lake zima.

Mama alilikata lile yai katikati, akasukuma nusu kwangu. Nikamwonyesha kwamba na mimi ninalo langu. Alilitazama langu, akalitazama lake. Kisha akala, polepole, kipande baada ya kipande, na alipomaliza akanywa chai, akaegemeza mgongo wake kwenye kiti. Mikono ikatulia yenyewe.

"Kumbe ndivyo wanavyojisikia," alisema. Hakuwa akisema na mimi wala na Bana Mwape.

Tulirudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama alikuwa akiimba tangu kwenye lori. Kumbe na nyumbani kulikuwa na mambo. Wageni walikuja tulipokuwa hatupo, na baba na Eliya walilazimika kuwapokea. Baba aliamka kukaanga kahawa, ikaungua mpaka majirani wakadhani nyumba inawaka. Mayai yakashika sufuria. Mwisho akawasongea wageni ugali wa asubuhi, ukawa na mabuje, akawapa na maziwa ya mgando. "Walisema ni mtamu," alitueleza, akiwa na kovu jipya la moto kidoleni. Eliya alikuwa nyuma yake anatikisa kichwa.

Jioni aliniita barazani. "Haya, nieleze. Watu wanafanya nini huko?"

Nilimweleza yote: mapazia, bustani, ufagio. Nilipofika kwenye yale maneno ya mama alinizuia, akaniomba niyarudie. Nikayarudia. Akakaa sana akitazama njia.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, baba mwenyewe ndiye aliyesema tufunge chakula twende kutembea. Tulikwenda Kimondo. Mjue kwamba mzee yule alizaliwa na kuzeekea jirani ya jiwe lile, amelaza watu wa mataifa mangapi waliokuja kwa ajili ya jiwe hilo, na yeye alikuwa hajawahi kwenda kulitazama. Tulikwenda kwa miguu, mama na kitenge chake cha kwaya, baba na koti la kaunda. Alilizunguka, mikono nyuma. Akaweka kiganja juu yake. "Ni la baridi," alisema. Kisha tukakaa kwenye majani, na baba ndiye aliyemimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe cha kwanza akampa mama. Watu walikuwa wanapita, wanatusalimia wakidhani tumetoka mbali.

Bana Mwape na mama waliendelea kutembeleana mpaka miguu ilipokataa. Alitangulia Bana Mwape. Mama alimfuata miaka michache baadaye, na baba hakukaa sana nyuma yake.

Sasa njia inapitika, na redioni kila siku tunahimizwa tutembelee vivutio vyetu, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote. Eliya amejenga nyumba ya wageni palepale kwenye kiwanja chetu. Ni nzuri, sitasema uongo. Ina vigae, maji ya moto yanatoka ukutani, televisheni kubwa kuliko dirisha. Desemba iliyopita nililala pale kama mgeni mwingine yeyote, maana Eliya alikuwa Dar es Salaam na familia yake. Nilipokelewa na binti mwenye sare safi, akanionyesha chumba, akanitakia usiku mwema. Asubuhi nilikuta chai mezani, mayai yamefunikwa, matunda yamekatwa. Wageni wengine walikuwepo, meza nne au tano, kila mtu na simu yake. Wote tulikula kimya, tukainuka kimya. Sikujua jina la hata mmoja, wala safari yake.

Nilipoondoka niliacha ufunguo juu ya kaunta. Binti alikuwa anahudumia wengine. Nilibeba begi langu mwenyewe mpaka barabarani, kwenye ile njia ambayo mama alikuwa akimsindikiza kila mgeni, mikono yake ikinuka vitunguu, akisimama hata baada ya gari kupotea kwenye kona. Ndani ya basi simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa ile nyumba ya wageni, wa kuniuliza huduma ilikuwaje, niweke nyota ngapi.

Niliweka zote. Kitanda kilikuwa kizuri na maji yalikuwa moto. Hawakuniuliza kama kuna mtu aliyenisindikiza.