Kadi Iliyogoma Kufutika

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya mashine za shamba mjini Nakuru, Wachuka Karanja anaingiza kadi ileile kwa mara ya nne. Mashine ya kusoma kadi inanguruma, kisha inaitema.

"Imekataa tena," anasema, kama mtu anayemzungumzia ng'ombe mkaidi.

Ni mwaka 1977, na Wachuka, mwenye miaka 35, yuko hapa tangu 1964. Anatunza kadi 6,000 zilizotobolewa matundu, kila kipuri na yake. Kipuri hakifutwi kwenye orodha mpaka kila mashine inayokitumia ifutwe kwanza.

Wiki hii ameagizwa kufuta vipuri 214 vya mashine za kutenga krimu na maziwa, zile za kuzungushwa kwa mkono. Zimepitwa na wakati, na kesho lori la takataka linakuja kuvibeba. Amefuta 213. Kimebaki kimoja: mpira wa kuzuia kuvuja, wa duara kama pete, unaoenea kiganjani.

Mwenye duka, Mukesh, ameishiwa na subira. "Wachuka, kadi moja inatushinda? Ikifika kesho bado, naita mtu wa Nairobi akalie hicho kiti."

Kiti hicho ndicho kinachosomesha watoto watatu wa Wachuka. Njia ya mkato ipo: kuichana kadi, mipira itupwe pamoja na vipuri vingine. Nani angejua?

"Mimi ningejua," anasema.

Saa nne anavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza. Lina kadi za zamani za kuandikwa kwa mkono, ambazo aliambiwa azichome, roho ikamkatalia. Lilikuwa la Harbans, mtunza stoo aliyemfundisha kazi kabla ya kuhamia Uingereza na familia yake mwaka 1968. Machozi yanamlenga hata kabla ya kulifungua.

"Siku hizo stoo ilinukia grisi na chai ya tangawizi," anakumbuka. "Vipuri vikiadimika, Harbans alijaribu mpira wa mashine hii kwa mashine ile mpaka ukakaa. Halafu ananiambia, 'Wachuka, andika nyuma. Kichwa nasahau, penseli hapana sahau.'"

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuma ya kadi ya mpira kuna mwandiko wa Wachuka mwenyewe wa 1966: Pia pampu ya maji, Keringet.

Wachuka anacheka mpaka anakaa. Miaka miwili iliyopita, mashine ya kadi ilipoletwa, ni yeye aliyeiunganisha kadi mpya ya mpira huo na pampu, akasahau. Siku tatu amekuwa akipekua kadi za mashine za krimu tu, kumbe pampu ndiyo inayozuia.

Anapiga simu Keringet, huko milimani. Anangoja sana kabla ya Kiprugut, mwendesha pampu, kufika.

"Mzee, ile pampu bado inafanya kazi?"

"Si hata sasa tunakunywa maji yake. Lakini mpira umeanza kuchoka. Mko nao?"

Wachuka anageukia rafu. Mipira iko arobaini.

Mukesh anasomewa ile kadi. "Basi hiyo iache. Na wewe kaa kwa kiti yako, kazi iko mingi."

Sasa Wachuka anapanga kugeuza kila kadi ya sanduku lile kabla kipuri kingine hakijafutwa. Ana mpango mwingine pia, wa likizo ya Desemba.

"Nitapanda Keringet niwapelekee mpira kwa mkono wangu," anasema. "Nataka kunywa hayo maji, halafu nimwandikie Harbans vile yalikuwa."