Sosi Iliyopigwa Nyuma ya Pazia

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kumbukumbu imekataa kuiachia, na kila inaponirudia huja na harufu ya kitunguu saumu. Juzi ulipokuja kunisalimu uliniuliza namna ya kutengeneza ile sosi nzito ya saladi, upate kuiuza pamoja na kabichi katika kibanda chako cha Nkende. Nitakufundisha. Lakini sosi hii ina historia yake, na anayepokea chakula bila historia yake hupokea nusu ya sahani.

Nilikuwa nimeolewa Nyanungu, na bado sijapata mtoto. Dhahabu ilikuwa imeonekana, watu wakimiminika machimboni kutoka kila upande, na mume wangu akawa mmoja wao. Mimi na mama yake, Mama Bhoke, tulifungua kibanda cha chakula kando ya machimbo. Yeye alisimamia ugali na nyama. Mimi nilishika mboga. Kabichi mbichi haina mvuto kwa mtu aliyetoka shimoni na njaa ya tembo, kwa hiyo niliimwagia sosi niliyofundishwa na shangazi yangu wa upande wa pili wa mpaka, aliyekuwa mpishi katika hoteli. Wachimbaji wakaipenda hata wakawa wanaiita kwa jina langu, Robhi. “Mama, niwekee Robhi mbili,” walisema, wakicheka.

Nami, kwa kuupenda sana umaarufu huo, nilitundika kanga kama pazia kwenye kona ya kibanda, nikawa naipigia sosi yangu huko nyuma. Sikumwonyesha mtu. Hata Mama Bhoke sikumwonyesha, ingawa mtindi niliomalizia nao sosi ulitoka katika kibuyu chake. Nilimwona akilitazama lile pazia kwa jicho la pembeni, midomo ameibana, nami moyoni nikasema: huyu anataka kuniibia ujuzi, au anatafuta neno la kumpelekea mwanawe. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wahenga. Nami niliazimia kwamba kata ya nyumba ile isijue lolote.

Lazima uelewe, mwanangu, kwamba mahali pa dhahabu ni mahali pa shaka. Mtu alitoka katika duara, yaani shimo lake, akiwa amekunja ngumi, na wote waliomwona wakajiuliza ngumi ile imefumbata nini. Aliyecheka sana alishukiwa kuwa ameokota; aliyenyamaza alishukiwa zaidi. Ndugu wa tumbo moja walikaguana mifuko. Ndiyo maana ile desturi ya wazee wetu, kwamba anayemkaribisha mgeni pombe au maziwa huonja kwanza mbele ya macho yake, machimboni iligeuka kuwa sheria. Hakuna aliyegusa sahani kabla ya mwenye kibanda kuonja.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego wangu. Sosi yangu ilikuwa na kiini cha yai kibichi. Na katika ukoo ule nilioolewa, mwanamke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa hali yai; alaye, husemwa, amelifunga tumbo lake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mke asiye na mtoto, kulamba yai mbele za watu kungekuwa kujitia kitanzi. Kwa hiyo aliyekuwa akionja sosi siku zote ni mume wangu. Alichovya kidole, akalamba, akawarushia wateja utani, nao wakala. Hakuna aliyeuliza kwa nini si mimi.

Kisha mume wangu akasafiri kwenda Musoma kutafuta pampu ya kuvuta maji shimoni, na kwa siku kadhaa wateja, kwa mazoea, wakala bila kuonjewa. Asubuhi moja, tulipokuwa tukichambua mchicha, wakaja watu wa duara la jirani, mbele yao akiwa Marwa, msimamizi wao, mtu mpana wa mabega na mchache wa maneno. Nyuma yake wawili walimshika mdogo wake, Ryoba, amekuwa wa kijivu kama majivu, tumbo amelikumbatia.

“Shikamoo, mama,” Marwa alimwambia Mama Bhoke. Hata mwenye hasira kwetu husalimia kwanza.

“Marahaba, mura, kijana wangu. Mbona mmekuja kama mnaoleta maiti?”

“Bado si maiti. Jana jioni alikula hapa. Usiku kucha ametapika.” Akanigeukia. “Alikula ile Robhi. Mimi sikuila, na mimi ni mzima. Leta bakuli, uonje.”

Nililileta bakuli, maana nilikuwa nimetengeneza sosi nyingine asubuhi ile. Nikalishika.

“Onja, shemeji.”

“Siwezi,” nilisema.

Neno hilo moja, mwanangu, lilitosha. Nilisikia kundi likivuta pumzi. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba wameweka dawa ya kuvutia wateja. Mwingine akamsahihisha kwamba si dawa, ni zebaki, ile inayokusanya dhahabu, ndiyo inayoipa sosi weupe ule. Wa tatu alisema kibanda hakina haja ya maswali, kina haja ya kiberiti. Hakuwa anatania, nilikwisha kuona jivu la kibanda kingine kilichojibiwa hivyo. Nikionja, ukoo utasema nimeua uzao wa mume wangu. Nisipoonja, mimi ni muuaji wa Ryoba. Na sababu ya kutoonja sikuweza kuitamka, kwa kuwa sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mle ndani mna yai.

Nilimtazama Mama Bhoke, nikawa na hakika kwamba sasa amepata alichokuwa akikitafuta.

Alisimama taratibu, akakung'uta majani ya mchicha kwenye sketi yake, akaenda pale konani, akalivuta pazia hadi kamba ikakatika. Nyuma yake palionekana bakuli, uma, chupa ya mafuta ya alizeti, ndimu na maganda ya mayai.

“Ni yai,” alisema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la kesi ya muda mrefu. “Miezi yote hii nilidhani unatengeneza kitu cha kumfunga mwanangu.”

“Nami nilidhani unataka kuniibia, mama.”

“Nikuibie kabichi?”

Wawili watatu walicheka. Marwa hakucheka. “Yai au si yai, mimi sijui yaliyofanyika huko nyuma.”

“Hata mimi sijui,” akasema Mama Bhoke. “Atatengeneza nyingine hapa, juani. Tuone sote.”

Nikaketi juu ya kigoda katikati ya watu wale, nikatia kiini katika bakuli, chumvi, maji ya ndimu, nikaanza kupiga kwa uma huku mkono wa kushoto ukimimina mafuta. Sosi hii haitaki mkono wenye haraka. Mafuta yakaingia kwa wingi kuliko kiini kinavyoweza kuyabeba. Ghafla ikakatika, ikawa madonge yanayoelea katika mafuta.

“Mmeona?” mtu akasema. “Dawa imekataa kufanya kazi mchana.”

Mama Bhoke aliinama, akalitazama bakuli. “Imekufa?”

“Haijafa. Inataka kiini kipya katika bakuli safi, kisha hii iliyokatika irudishwe ndani yake tone kwa tone.”

“Basi kwa nini unafanya kazi ya mikono mitatu kwa mikono miwili? Nipe hiyo.”

Akachuchumaa karibu yangu, akalishika bakuli la sosi iliyokatika, akaanza kuidondosha juu ya kiini kipya nilichotia katika bakuli jingine. Hakuwa amefundishwa, lakini ni mwanamke aliyesukasuka maziwa tangu utoto wake; alijua kwamba kitu kizito hakiji kwa kulazimishwa. Alitazama kila tone lipotee ndio adondoshe jingine. Nami nikapiga bila haraka. Sosi ikaanza kushikana, ikawa nzito, ikang'aa. Tukaongeza kitunguu saumu na mtindi wa kibuyu chake. Watu walikuwa wamesogea karibu. Hata Ryoba alikuwa akitazama.

Mama Bhoke alichovya kidole. “Mimi nimekwisha kuzaa,” aliwaambia. “Yai halina la kunifanya.” Akalamba, akameza, akaachama kinywa waone.

“Wewe ni mama wa nyumba hii,” Marwa akasema. “Utamkingia mkwe wako.”

“Nimkingie? Mura, mimi nimemshuku kabla yako, na kwa bidii kuliko wewe. Kama kungekuwa na sumu ningefurahi kuwa wa kwanza kuijua.” Kisha akanigeukia, na swali lake likaniingia kuliko yote ya siku ile. “Na ile aliyokula huyu kijana jana jioni, uliitengeneza lini?”

Nikasema: juzi. Ilibaki, nikaona hasara kuimwaga, nikaifunika katika sufuria na kuihifadhi nyuma ya pazia, chini ya bati, penye joto.

Aliiendea sufuria, akafunua, akanusa, akampa Marwa naye anuse. Marwa akarudisha uso nyuma. Yai bichi, mwanangu, siku mbili, chini ya bati. Sikuwahi kuthibitisha kwamba ndilo lililomwangusha Ryoba. Wakati ule watu walikunywa maji ya madimbwi na pombe za kila aina. Lakini miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifundisha sayansikimu, sikuweza kulisoma somo la mayai mabichi bila kumwona.

“Kwa hiyo si uchawi,” Marwa alisema hatimaye. “Ni uzembe.”

“Ni uzembe,” nikajibu.

“Uzembe tunaufahamu.” Akageuka, na watu wake wakaanza kutawanyika, wengine kwa unyonge, kama waliokosa sherehe. Nilimpikia Ryoba uji mwembamba wenye chumvi na sukari, nikamwomba radhi mbele ya kaka yake. Alirudi kula baada ya kupona, lakini kwa muda mrefu alinusa sahani kwanza, nami sikumlaumu.

Jioni, tulipobaki wawili, Mama Bhoke aliniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. “Ulijificha, ndiyo maana nikakushuku. Nilikushuku, ndiyo maana ukajificha zaidi. Nani kati yetu angeacha kwanza? Mficha uchi hazai, Robhi.” Kisha akaliokota lile pazia, akalikunja, akanirudishia. “Hii ni kanga. Ivae.”

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, maana umeingia katika kazi ya kulisha watu wasiokujua. Sosi yako itengeneze mbele ya mteja, kwa kiini cha siku hiyo hiyo; isipokwisha, imwage, hata moyo ukuume. Mafuta yaingie kwa matone mpaka yakubaliwe, ndipo uyape njia. Ikikatika, usiifiche wala usiitupe; tafuta kiini kipya na uanze taratibu. Kilichomo ndani kiseme kabla hujaulizwa, hasa kile unachoona haya kukisema. Usidhani shaka ni adui. Swali la Mama Bhoke nalo lilikuwa shaka, na ndilo lililoniokoa. Shaka inayouliza ni taa. Shaka inayokaa nyuma ya pazia ikijijibu yenyewe ndiyo inayochoma vibanda. Na yule unayemshuku kuliko wote, mpe bakuli akushikie. Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Mimi nilimpa mafuta tu, na mwana wangu alipokuja kuzaliwa, yeye ndiye aliyemlea.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akuepushe na ngumi iliyokunjwa, yako na ya jirani yako. Kibanda chako kisikose moto wala maji. Na akujalie mkono wa kupiga, na karibu nao mkono wa mwingine wa kumimina.