Mfarishi wa Mjukuu wa Mzee Sufi

Jirani yangu wa kibarazani tunamwita Mzee Sufi, na jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ujana wake wote na uzee wake huu ameumaliza akijaza sufi, zile nyuzi laini za mti wa msufi, kwenye magodoro na mito. Mimi ni fundi cherehani, meza yangu inatazamana na mlango wa karakana yake, kwa hiyo namjua ndani nje. Ni mbishi. Mwambie magodoro ya sponji ndiyo yanayouzwa siku hizi, atakununia mpaka jioni. Halafu anakohoa, kikohozi kikavu cha kufungulia siku na kufungia siku, na akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi. Ukimuuliza, atakwambia ni baridi. Hata jua likiwa la kupasua utosi, kwake ni baridi tu.

Binti yake wa pekee alipojifungua, mzee alivimba kichwa akawa hashikiki. Akatangaza kwamba mjukuu atajifunika mfarishi wa mkono wa babu yake: shuka mbili ndogo, kitu laini katikati, na mishono juu ili kisitembeetembee. Shuka nitoe mimi, kushona nishone mimi. Cha katikati, akasema, hakina mjadala.

Kumbe mjadala ulikuwepo. Kila alipokwenda kumwona mtoto, binti alimsimamisha mlangoni, akamvua shati la kazi, akampa jingine, ndipo amshike mtoto. Habari ya mfarishi akaikwepa: mablanketi yapo ya kutosha, baba asijisumbue. Mzee alirudi amekunja uso, akanilalamikia kwamba binti kasomeshwa kwa sufi hiyohiyo, leo anaiona uchafu. Hakuwa anatafuta shukrani. Alitaka mjukuu wake alale chini ya kazi ya mikono yake kabla mikono haijachoka kabisa, basi. Nilimhurumia, ila sikumwonyesha, maana angeringa.

Akachagua sufi bora kuliko zote alizonazo, akaichambua mpaka isibaki mbegu, akashona kipande cha kujaribia. Akaja kukipigapiga mezani kwangu nione kinavyofumuka. Nami nilikuwa nimetandaza pale kitambaa cheusi cha gauni la mteja. Mzee akapiga, akapiga. Vumbi jeupe likapenya kwenye mshono, likashuka polepole, kitambaa kikawa kama kimenyunyiziwa unga.

Hasira zikanipanda. "Mzee, hiki ni kitambaa cha mtu," nikamwambia. "Na vumbi hili ndilo unalolivuta maisha yako yote."

Sikuyapanga maneno hayo, yalitoka tu. Mzee hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Karakanani mwake kila kitu ni cheupe, ukuta, sakafu, hata kope zake. Sufi juu ya sufi haionekani. Alichora mstari kwa kidole juu ya kile kitambaa, akakitazama kidole. Kisha akakohoa, na safari hii hakusema ni baridi.

Kesho yake alifunga karakana akaenda dukani kununua pamba, ile iliyobanwa ikawa kama blanketi jembamba, inayokatwa kwa mita. Muuzaji alimtania, akamuuliza lini amehama chama. Mzee hakucheka. Aliikata kipande, akakipiga mezani kwangu juu ya kitambaa kilekile cheusi, hakikutoka kitu. Akakifua kwenye beseni, akakianika, akakipiga tena. Akanibandikia mpaka puani ninuse. Aliporidhika ndipo aliponipa nishone.

Tuliupeleka pamoja. Mlangoni, kabla binti hajasema neno, mzee alivua shati mwenyewe, akalikung'utia mbali, akalitundika nje kwenye msumari. Akabaki na fulana, mbavu zinahesabika. Binti akaupokea mfarishi, akauminyaminya.

"Umeweka nini ndani, baba?"

"Pamba."

"Hata sufi kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Sufi imenila kifua. Huyu isimguse."

Binti aliketi kitandani akalia. Alisema tangu utotoni alikuwa hapati usingizi mpaka amsikie baba yake akikohoa chumba cha pili, kwa sababu akinyamaza alidhani amekufa. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja baba aseme neno hilo kwa kinywa chake, kwani yeye aliogopa kumwambia kwamba kazi iliyomlea ndiyo inayommaliza.  

Binti akafuta machozi, akampakatisha mzee mtoto, akawafunika wote wawili kwa ule mfarishi. Kifua cha mzee kikapiga mluzi wake uleule. Mtoto akafumbua macho, akasikiliza kidogo, akalala.