Panya Namba 212 Anaswa kwa Mara ya Saba

Saa kumi na mbili asubuhi. Mtegaji amepiga magoti kwenye majani yenye umande, nyuma ya ghala la mahindi, akichungulia ndani ya kisanduku cha bati. Amevaa barakoa na glavu mbili mbili. Panya aliyemo ana kibati sikioni: 212.

"Umerudi tena, shemeji?" anamuuliza.

Ni mara ya saba tangu mvua ziishe. Mtegaji anamtoa tone la damu, anaandika namba, kisha anamfungulia. Ndiyo, anamfungulia. Majirani husonya. Mkewe ndiye asiyemumunya maneno: "Wenzio wanazika, wewe unafuga!"

Kazi yenyewe haieleweki upesi. Ana mitego mia moja, kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Namba zake humfikia mtaalamu wa hesabu aliyeko mjini, dada ambaye yeye humwita Mwalimu. Huyo huziingiza kwenye kompyuta na kukadiria jinsi kirusi cha homa kinavyoenea kwa panya wa porini, na lini kitapungua kiasi cha watu kuingia ghalani salama.

Mtegaji ana miaka hamsini na miwili na elimu ya darasa la sita. Ameumwa na panya mara tatu, na mara zote alilazwa chumba cha peke yake, akisubiri homa kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka.

"Hilo dogo," anasema. "Kubwa nililifanya mwenyewe."

Mwaka juzi, kila alipomkuta panya mwenye kibati, alimwachia bila kuandika. Hakuna aliyemtuma. "Nilisema huyu nimeshamhesabu. Kumhesabu tena si wizi?"

Kule mjini, kompyuta ikaelewa vingine: panya wenye kirusi hawaonekani tena, basi wanakufa upesi, na kirusi kinakufa nao. Hesabu ikasema ghala lifunguliwe. Mdogo wa mwisho wa Mtegaji, mama wa watoto wawili, ndiye aliyetangulia kuingia na fagio, akavuta vumbi la mikojo ya panya. Siku ya tisa walimzika. Wakafuata wengine wanne.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Wakakaa kwenye ngazi za ghala.

"Baba, wenye vibati ulikuwa unawaona?"

"Kila siku, mwanangu."

"Na hukuandika?"

"Sikutaka kukudanganya."

Mwalimu akafunika uso. "Na mimi sikukuuliza," akasema.

Watoto wa marehemu sasa wanalala kwa Mtegaji. Ghala limefungwa tena, na mavuno ya mwaka huu yako nje chini ya turubai, theluthi imeshaoza. Damu ya 212, hadi kipimo cha mwisho, bado ina kirusi.

Jirani mmoja alimfuata wiki iliyopita. "Mvunje shingo huyo panya, andika hayupo. Nani atajua? Watoto hao utawalisha vibati?"

"Nilimshika shingo hivi," Mtegaji anaonyesha, kidole gumba na cha shahada vikikaribia kugusana. "Nikamwachia. Hayupo ya uongo nilishaiandika mara moja. Naijua bei yake."

Anakitega upya kisanduku, palepale kilipokuwa, wala si kando ya shimo lenye panya wengi, ili asipotoshe hesabu, na kuhesabu hatua kumi kwenda kinachofuata.

Anataka nini, basi?

"Nataka asubuhi moja nikute kisanduku kitupu," anasema bila kugeuka. "Na kesho yake kitupu. Na wiki nzima kitupu. Nikiandika hayupo, awe hayupo kweli. Hapo fagio nitalishika mimi."