Pamba ya Makochi

Mke wa fundi makochi alikuwa fundi cherehani, na siku hizi hasira zake hazikuhitaji kuchokozwa. Daktari alimwambia mumewe waziwazi kwamba kifua chake hakiwezi tena sigara. Bwana akatii, akaacha sigara. Halafu akanunua sigara ya umeme!

"Huu si moshi, mama watoto, ni mvuke," alisema, akipuliza wingu la harufu ya stroberi juu ya gauni la mteja.

"Mvuke! Kwani kifua chako ni birika?"

Basi mume akakifungua kidude chake mezani amsomeshe. Betri hii hapa. Ukivuta, umeme unapita kwenye kawaya haka kalikosokotwa, kanapata moto. Pamba imekazunguka, imenywa haya maji mazito ya utamu. Maji yanapata joto, yanageuka mvuke, unavuta. "Hakuna kinachoungua," alimaliza, utadhani alikivumbua yeye.

Loo! Kama hakuna kinachoungua, mbona kikohozi kilikuwa kikimkunja wiki nzima? Mbona chumba kilinuka plastiki? Mke aliichomoa ile pamba kwa kibano, akaisugua kwa vidole. Ilikuwa inateleza.

"Umeitoa wapi hii?"

"Ya mwanzo iliisha. Nikanyofoa kidogo kwenye mto wa kochi. Pamba ni pamba."

Mke alishika kichwa. Kisha akafanya kama afanyavyo kwa kitambaa chochote anachokitilia shaka: akawasha kiberiti. Pamba ya kweli huungua ikawa majivu. Hii ilijikunja, ikayeyuka, ikaganda kitone cheusi kigumu. Kilipopoa akamwekea kiganjani.

"Ndicho unachokivuta hicho. Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

Mume alikigeuzageuza kitone kile kwa kidole. Mke akayaelekezea kidole yale maji mazito.

"Na hayo maji yana nini?"

"Nikotini," alisema mume, macho yakiwa kiganjani. "Ileile ya sigara. Sikuacha, mama watoto. Nilijaribu nikashindwa, nikaona aibu kukwambia."

Mke alikuwa na tusi tayari mdomoni. Akalimeza, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Kesho tunarudi kwa daktari, mimi na wewe. Utamwambia hivyohivyo."

"Bado umekasirika?"

"Sana. Na nitakasirika mpaka upone."