Mtani wangu alifuta save isiyo yangu, na mpaka leo naambiwa nicheke

Wakuu, salaam. Kisa hiki sikiongezi chumvi, maana kilivyo tu kinanichefua vya kutosha.

Ni miaka ya tisini, Ifakara, Viwanja Sitini. Mzee wangu alinunua kompyuta kuukuu kutoka mradi mmoja uliofungwa. Ndani kulikuwa na game ya kuendesha timu ya mpira: unasajili, unapanga kikosi, unasubiri matokeo.

Mwenye game hasa alikuwa Advera, jirani yetu, binti wa Kihaya. Baba yake alikuja huku bondeni kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mimi na yeye tulikuwa rika moja.

Uwanjani wavulana walimkatalia kucheza kila alipoomba, eti akasuke nywele. Basi akaunda timu yake kwenye kompyuta. Akafuta majina yote, akaweka ya vijana wa mtaani, na namba tisa akajipa yeye. Alikuwa anafunga balaa!

Tukapiga misimu kibao. Akaja kuchaguliwa shule ya bweni wakati tumeshaingia fainali ya kombe.

Akaniambia, "Usiicheze. Tutaicheza nikirudi likizo."

Kipindi hicho version mpya ilikuwa imeshafika mjini. Ina rangi nzuri, ila haisomi save za zamani, yaani misimu uliyokwisha kuhifadhi, na hard disk yetu haikutosha kuweka zote mbili. Nikabaki na ya zamani. Kopi ya save nikaiweka kwenye flopi, nikaandika ADVERA kwa herufi kubwa, nikaifungia kabatini. Watu walinicheka, nikawaacha wacheke.

Sasa akaingia Castory. Jamaa mtu mzima, Mngoni, na mimi Mpogoro, kwa hiyo ni mtani wangu. Kwa msiojua: mtani akibeba kuku wako, unacheka. Akija kukukejeli msibani, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mbaya.

Alikuja nyumbani na version mpya mfukoni. Nikamweleza vizuri kabisa kwamba ya zamani asiiguse, si yangu, ni ya Advera. Akasema, "Sawa mtani."

Nikaenda shamba Katindiuka na mzee.

Huku nyuma akafuta game yote, akaweka yake. Halafu akamwomba mama flopi iliyoko kabatini. Mama akampa, maana mtani hanyimwi. Jina kaliona, na bado akaiformat, yaani akafuta vyote vilivyokuwemo, akabebea game nyingine.

Tuliporudi nikamkuta kibarazani, meno yote nje. "Pole na msiba, Mpogoro! Timu nimeizika, na ubwabwa wa matanga nimeshakula."

Nililipuka wakuu. Mzee akanidaka mkono: "Wewe, huyo mtani wako. Cheka yaishe."

Yaani nicheke!

Desemba Advera akaja mbio, hata begi hajalipeleka kwao. Nikamwambia palepale mlangoni.

Akauliza, "Na mimi je? Simo kabisa?"

Nikamjibu kwamba hayumo tena.

 Kisha akasema, "Mimi na Castory tumetaniana lini?"

Akaondoka. Kompyuta yetu hakuigusa tena.

Castory hadi leo anakisimulia kwenye harusi, watu wanavunjika mbavu. Majuzi kanishika bega, "Mtani, bado umenuna tu?" Ndiyo, nimenuna, na nitaendelea kununa.

Nilichojifunza: kama una game ya zamani yenye save unayoithamini, usikubali version mpya kwa sababu watu wanakucheka. Na kopi moja kaiweke nyumba ambayo mtani wako hana ruhusa ya kuingia.

Angebeba baiskeli yangu ningecheka, wallahi. Alibeba amana ya mtu mwingine, binti ambaye hakuwa na sehemu nyingine yoyote ya kuchezea mpira.

Haya, uwanja wenu, nishambulieni mnavyotaka. Ila ukija na "ulikuwa utani tu", anza kwa kumjibu Advera.